Kiingereza cha Baba

Malaba,
Jumapili, 20 Julai 1975.

Kwako Kaka Zephaniah,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi Eucabeth na wanao wawili. Natumaini mko wazima, na kama mna mafua ya baridi ya Nairobi, basi yawe yale ya kupona kwa chai ya tangawizi. Huku tupo. Mama anawasalimu, miguu inamsumbua kama kawaida. Mimi nimechoka, Kaka, na uchovu wangu ndio nataka kukueleza.

Unajua nafundisha Kiingereza kutwa nzima. Watoto wa madereva na wa wachuuzi wa mpakani, wote nawaimbisha foot, feet, tooth, teeth, na hakosi mmoja wa kuuliza mbona book haiwi beek. Nawaambia ndivyo kilivyo. Nikifika nyumbani, hata viatu sijavua, nakuta mwanafunzi mwingine ameketi mlangoni na chaki mkononi. Ni Baba.

Ndiyo, Baba yetu, aliyepunga bendera stesheni hapa mpaka akastaafu bila kuhitaji Kiingereza cha maana. Tangu mliporudi Nairobi baada ya Krismasi, ananitaka nimfundishe kila jioni. Na usidhani ni mwanafunzi mpole. Alipoona cough, though na plough, aliapa kwamba Mzungu aliyeziandika alikuwa amelewa. Aliposikia kwamba sheep haibadiliki hata zikijaa boma, aliuliza mtu atajuaje kama ameibiwa, akanikasirikia kana kwamba ni mimi niliyekitunga. Siku moja nilimjibu vibaya, nikamwambia aniache nipumzike. Kesho yake akanisubiri palepale.

Nilimuuliza Kiingereza cha nini uzeeni. Akasema ni kwa ajili ya wanao.

Unakumbuka siku mliyofika. Baba aliwapokea kama babu anavyowapokea wajukuu wa kiume kwetu: alishika fimbo, akajifanya ana hasira, akasema hawa wamekuja kumnyang'anya mke wake. Babu yetu wa Sigalame alikufanyia vivyo hivyo, nawe ukamjibu mpaka nyanya akacheka machozi yakamtoka. Lakini wanao wanajua Kiswahili cha kumtuma yaya tu, basi Baba akatafuta neno la Kiingereza, akapata moja: "Thief!" Mdogo akaangua kilio. Wifi akaona wanawe wameitwa wezi mbele ya watu, na asubuhi mkapakia mizigo. Wewe ulijua ni utani, Kaka, na hukusema neno. Liliniuma, na bado linaniuma.

Baba halaumu mtu. Anasema kosa ni la Kiingereza chake kifupi. Angekuwa na maneno ya kutosha, angeendeleza utani mpaka watoto wacheke. Sasa anajua kwamba wakiwa wawili ni thieves, na hotuba yake iko tayari: "Good morning, thieves. You want my wife?" Anairudia, anakohoa, anairudia tena. Mama akiisikia huko jikoni anacheka, ingawa haelewi ila hiyo wife.

Sasa nikwambie alichonikataza kuandika. Kile kikohozi si cha vumbi la malori. Nilimpeleka hospitali, daktari akasema ana uvimbe kooni, wa aina mbaya, na kwamba sauti ndiyo itakayotangulia kwenda. Tayari kuna jioni inatoka hewa tu. Baba anasema nisikusumbue, mtakuja Desemba. Desemba atawatazama tu, Kaka. Naogopa, na sina mwingine wa kumwambia.

Njooni shule zikifungwa tu, msingoje Krismasi. Mweleze wifi ule utani, akielewa atacheka. Na watoto usiwafundishe adabu za kumwamkia babu. Wafundishe njiani jibu lile ulilompa babu yetu: "Wewe mzee huna meno, mke tunamchukua!" Waliseme kwa lugha yoyote. Wakilisema kwa Kiingereza na meno wakayaita tooths, mimi sitasahihisha mtu.

Nisalimie wote hapo nyumbani. Nakomea hapa, maana Baba yuko mlangoni na chaki yake. Anagonga kiti kuniita, kwa kuwa leo sauti haitoki.

Ni mimi dada yako mdogo,
Nerima