Mashine ya Junda Iliendelea Kujibu

Changamwe,
Novemba 1997

Kwa kaka yangu Matano,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Kisumu, wewe na wifi Agneta. Sisi tu hai, alhamdulillahi, ingawa mvua hii ya El Nino imetuonyesha cha mtema kuni.

Unajua nafanya kazi kwenye mradi wa kuunganisha zahanati na intaneti. Mvua ilipoanza, mkubwa wangu, Nicanor, alitaka tupime jambo moja: mafuriko yakija, mawasiliano yanakatika wapi, na yanachukua muda gani kurudi. Basi kazi yangu ikawa kuzipigia kompyuta za zahanati za Mtongwe na Junda kwa laini ya simu, mara kwa mara, na kuandika ipi imejibu.

Mtongwe ilinyamaza mapema. Tukaingiwa na hofu, Nicanor akavuka feri kwenda kutazama. Alikuta mnazi umeangukia waya wa simu, basi. Watu wote ni wazima, wanakula muhogo wao. Junda nayo ilijibu bila kukosa, nami nikatulia, nikijiambia kwamba Baba huko nyumbani Junda yu salama.

Lakini nikaanza kuingiwa na wasiwasi. Aliyekuwa akijibu ni mashine peke yake, iliyowekwa ghorofani na kutiwa betri. Nilimwandikia muuguzi wa pale, Mwanasaumu, kwa kompyuta hiyo hiyo, kumuuliza hali. Ujumbe ukafika, jibu halikuja. Nikaandika tena, kimya. Nikamweleza Nicanor kwamba vipimo vyetu vinasema Junda ni salama, na moyo wangu unakataa. Akaniambia niende.

Kaka, kutoka Mishomoroni nilitembea ndani ya maji ya kiuno. Zahanati chini ilikuwa imejaa tope, na juu kijitaa cha mashine kinawaka, hapana mtu. Mwanasaumu nilimkuta skulini akiwahudumia waliobomokewa, na Baba alikuwa miongoni mwao. Nyumba yetu imekwenda na maji.

Niliporudi nilimweleza Nicanor yote. Sasa ameongeza kipimo: mashine ikijibu, lazima na mtu ajibu, la sivyo tunakwenda wenyewe.

Lakini si hilo lililonifanya nikuandikie. Tangu umwoe wifi, Baba hakulitaja jina lako, na chumba chako alikitia kufuli. Pale skulini nilimkuta amekalia sanduku lako la bati, radio yako kaipakata, nguo zako zimefungwa ndani ya nailoni. Vitu vyake mwenyewe hakuokoa hata kimoja. Nikamuuliza imekuwaje. Akasema, "Maji yalipoingia nilitoa vya Matano kwanza. Vyangu niliona vitangoja. Mwandikie aje, na mkewe aje naye."

Baba yuko kwangu sasa, kifua kinamsumbua kidogo tu. Sanduku lako kaliweka karibu na kitanda chake, hataki liguswe. Chumba cha pili nimeshakitandika, cha kwenu nyinyi wawili.

Mpe wifi salamu zangu nyingi, na umwambie kwamba naye ameitwa, kwa maneno yale yale ya Baba.

Wasalaam,
Ndugu yako,
Mwanarehema