Nimeficha Tiketi za Ndege, Mume Wangu Anataka Twende Florida kwa Gari

Wasomaji wa safu yangu ya ushauri, barua hii niliijibu kwa posta wakati wa baridi, nikaifungia kwenye droo. Leo naichapa kwa sababu wenyewe wamerudi salama hapa mjini kwetu Ishpeming na wameniruhusu, majina na yote.

*

Bi Corinne mpendwa, naomba unisaidie kabla sijapasuka, nakuandikia nikiwa nimejifungia kwenye chumba cha kufulia na mashine nimeiwasha tupu, haina hata soksi moja, ili wadhani nafua, maana hiki ndicho chumba pekee cha nyumba yetu ambacho hakijabandikwa ramani.

Mume wangu ni mtu mwema, naanza na hilo usije ukamfikiria vibaya, ni fundi bomba, halewi, hana mambo ya nje, akitoka kazini anakuja nyumbani, lakini tangu majira ya joto yaliyopita kuna kitu kimemwingia kichwani na hakitoki, nacho ni safari ya gari kutoka huku kwetu juu kabisa ya Michigan, katikati ya Februari, theluji ikiwa kiunoni, mpaka Florida kwenye ile bustani kubwa ya burudani ambayo watoto wanaiona kwenye televisheni, na njia nzima hatulali popote, tunapokezana usukani mimi na yeye mpaka tuione michungwa. Si kwamba sitaki kwenda, nataka sana, mwili wangu umesahau jua lilivyo. Ninachokiogopa ni sheria zake. Gari halisimami ila kwa mafuta, na anayetaka kwenda haja aisubiri pampu. Maji ni kwa kipimo. Vyakula kavifanyia majaribio ili ajue kipi kinadondosha makombo, tumekula wiki nzima juu ya shuka jeusi huku yeye kainama na tochi anakagua, pasti za mama yake, yale maandazi ya kuoka yenye nyama ndani, zikafaulu, biskuti zangu zikafeli. Mimi kanipa cheo cha naibu nahodha, kazi yangu ni kumwimbia asisinzie, na nyimbo keshazichagua.

Haya yote ningeyavumilia, Bi Corinne, ila Jumamosi moja ya Januari akatangaza kwamba leo tunafanya mazoezi ya kukaa.

Nikamuuliza, "Kukaa wapi?"

"Kwenye gari."

"Tunakwenda wapi?"

"Hatuendi popote, Darla, ndiyo maana yanaitwa mazoezi."

Basi tukapakiwa uani kwetu kando ya banda, mimi, binti yetu Tessa ambaye yuko kwenye ule umri wa kuona haya kuwa na wazazi, mdogo wake Colby, na mama mkwe wangu Irja kiti cha mbele na kale kajibwa kake kazee mapajani, kwa sababu mama mkwe naye anakwenda, mbwa pia, mimi sikuulizwa. Tumekaa, gari linanguruma, mume wangu Wendell kashika usukani anatazama mbele kama kweli anaona barabara, mara akasema kwa sauti nzito, "Tumeshaingia Wisconsin," na mama mkwe akachungulia dirishani akasema, "Mbona inafanana na banda letu?" Hapo hapo paa la banda likaachia theluji yote iliyokuwa imejikusanya huko juu, puu, ikatufunika, giza, milango haifunguki. Wendell kazima injini haraka tusije tukavuta moshi, na hilo nampa haki yake, lakini baridi ikaanza kututambaa miguuni, mbwa analia, Colby anasema, "Baba, nimebanwa," na baba yake anamjibu, "Subiri pampu."

Pampu, Bi Corinne! Tumezikwa, na yeye anazungumzia pampu!

Tessa ndiye aliyempigia simu jirani yetu, bwana Lindqvist, naye akaja na beleshi, lakini hakuanza kuchimba, kwanza alicheka, tulimsikia kabisa, kisha akamwita mkewe aje aone. Alipokifikia kioo akagonga, akauliza, "Enhe, Florida kukoje?" Na Wendell, wakati mimi meno yanagongana, akatugeukia uso unang'aa akasema, "Mmeona? Hakuna aliyelia. Tuko tayari."

Colby alikuwa amelia, na machozi si kitu pekee kilichomtoka.

Basi Jumatatu nikiwa bado na hasira nikaingia kwenye simu nikakata tiketi za ndege, yangu na za watoto, kwenda na kurudi, nikajiambia siku ya safari yeye na mama yake na mbwa wao watashika barabara na nyimbo zao, sisi tutawakuta huko. Sikumwambia mtu. Nilijiona mjanja sana, nikawa napika huku natabasamu peke yangu, mpaka Wendell akaniuliza kama nimeshika mimba.

Halafu juzi nimekaa jikoni na mama mkwe tunamenya viazi, nikamwambia kwa utani, "Mama, huyu mwanao atatuua kwa hiyo Florida yake," nikitegemea atacheka. Hakucheka. Akaniambia kwamba Wendell alipokuwa mdogo, marehemu baba yake alikuwa anawapakia kwenye gari wakati wa baridi wakaione bustani hiyo hiyo, na hawakufika hata mara moja. Safari ya kwanza gari likafa Indiana. Mwaka uliofuata theluji ikafunga barabara Kentucky, wakarudi. Ya mwisho walifika mpaka Georgia, wameshavua makoti, Wendell huko nyuma ameshavaa kaptura, ndipo mzee akapotea njia, akakataa kuuliza, mama mkwe akamwambia uliza, akasema haulizi mtu, wakatupiana maneno, mzee akakata kona katikati ya barabara na kurudi nyumbani Michigan. Nikamuuliza mama mkwe, "Na Wendell je?" Akasema, "Alivaa suruali yake tena. Mwaka uliofuata baba yake akafariki, na hakuitaja tena Florida mpaka mwaka huu."

Mimi nimekaa na mume huyu miaka yote hii, tumezaa naye, na hilo sikuwahi kulisikia.

Sasa nifanye nini? Nikimwambia kuhusu tiketi namvunja moyo. Nisipomwambia ataziona siku ya safari, na hapo sijui. Nikizitupa nikaingia kwenye gari lile kwa sheria zile, tutatoana roho kabla ya Chicago. Na jana, kama vile kajua, kaniletea mto wa shingoni aliomwomba mama yake aushone, umetariziwa kwa uzi mwekundu, Naibu Nahodha, nikaenda kulia huku huku kwenye mashine. Jina langu usilichape, nakuomba, asije akajua.

Mimi mwenye tiketi mfukoni

*

Darla, mwanangu,

Ndiyo, najua ni wewe. Unaficha jina, halafu unaliandika mwenyewe katikati ya barua na kunieleza kisa cha familia iliyofukiwa na theluji uani kwake ikiwa safarini kwenda Wisconsin? Lindqvist alikisimulia kanisani, kwa kinyozi, na benki. Mimi nilikisikia mara mbili kwa siku moja, na mara ya pili mbwa alikuwa ameshakufa.

Pole kwa baridi. Pole kwa shuka jeusi. Hapo pole zangu zimekwisha.

Ulikuwa na haki ya kukasirika, na ungemwambia Wendell ukweli siku ile ile huku theluji ikikudondoka nyusini, leo usingekuwa unaandika barua kwenye chumba cha kufulia. Hukusema. Ulinyamaza ukamwekea mumeo mtego, ukakaa jikoni unautabasamia. Hebu fikiria asubuhi ile ya safari. Mwanamume amepakia gari, amekagua matairi, anageuka nyuma kuangalia watu wake, na viti vitupu. Umeshaambiwa kuhusu Georgia, sina haja ya kuendelea.

Na yeye asidhani amepona. Mwambie Bi Corinne anasema hivi: kibofu cha mtoto si tangi la mafuta. Mtu hawezi kuwapeleka watu kwenye furaha kwa kuwanyima maji. Anaogopa kusimama kwa sababu kila gari la utotoni mwake liliposimama liligeuka. Lakini hilo lazima alijue yeye, na hatalijua kama nyote mnanyata pembeni yake msimguse.

Sasa nisikilize vizuri.

Leo kabla ya chakula, tiketi ziweke mezani mbele yake. Usingoje ashibe, usimpikie kitu maalumu, atashtuka. Mama mkwe wako awepo, maana aliyeanzisha habari ya Georgia ni yeye na atakuwepo kukuunga mkono. Mwambie ulichofanya, mwambie na ulichosikia, kisha unyamaze. Kunyamaza huko ndiko kutakuwa kugumu kwako, nimeona urefu wa sentensi zako.

Kwenda, mnakwenda wote kwa gari. Hilo usibishane nalo. Anahitaji kufika na ninyi mkiwa ndani. Lakini mnalala njiani kwenye kitanda cha kweli, na anayesema amebanwa, gari linasimama, hata kama ni mbwa. Nyimbo kila mtu achague zake. Bebeni mablanketi na beleshi, tangi lisishuke chini ya nusu, na mkikuta barabara imefungwa mtafute chumba mlale mpaka ifunguliwe. Mwambie mapema kwamba kulala huko hakuhesabiwi kurudi nyumbani.

Hizo tiketi piga simu uzibadilishe ziwe za kurudi tu, wewe na watoto. Wakikutoza, lipa na usilalamike, ndiyo ada ya ujanja wako. Yeye atarudi na mama yake na mbwa, na barabara nzima ni yao.

Gazeti letu linatoka Alhamisi. Nakupa mpaka Jumatano jioni. Nikiwa sijasikia kutoka kwako, naichapa barua yako kama ilivyo, na Wendell ataisoma kwa kinyozi.

Bi Corinne

*

Bi Corinne,

Mimi ndiye yule wa kwenye gari. Mke wangu kasema niandike mimi mwisho wake, yeye ameshasema ya kutosha.

Aliponiwekea zile tiketi mezani nilichukua beleshi. Nilitoka nikaondoa theluji uani kwetu, nikamalizia kwa Lindqvist, nikaendelea na nyumba ya tatu ambayo wenyewe siwafahamu, mpaka akatoka mama mmoja na gauni la kulalia akaniuliza kama nataka chai. Nikarudi. Nikauliza, "Nani kawaambia mambo ya Georgia?" Mama yangu yuko jikoni ametupa mgongo, akainua mwiko juu bila kugeuka.

Nikamwambia Darla ukweli. Kwamba sikuogopa ndege. Niliogopa wao watafika na mimi nimekwama tena mahali fulani. Akanishika sikio kama mtoto akasema, "Mjinga wewe." Basi tukala.

Tulilala Indiana, tukalala Tennessee. Nilisimamisha gari mara nyingi kuliko ninavyotaka mji huu ujue, na wa kwanza kubanwa nilikuwa mimi, hata daraja la Green Bay hatujalivuka. Tessa alitusikilizisha nyimbo zake kuanzia Kentucky na hakuna aliyekufa. Georgia mahali penyewe nilipatambua ingawa siku hizi pana duka la matairi. Nikapunguza mwendo bila kujijua. Mama akaweka mkono kwenye dashibodi akasema, "Wendell, ukikata kona safari hii nakupiga na huyu mbwa."

Sikukata.

Kurudi, Darla na watoto walipanda ndege, mimi na mama tukaja na gari, na tangu Ohio hatusemeshani kwa sababu alitaka niulize njia. Nikauliza. Alikasirika zaidi, anasema mbona wewe unaweza, baba yako alishindwa nini.

Lakini nilitaka kukwambia ya pale getini mwa bustani. Watoto walikimbia wakaingia, Darla nyuma yao anawaita, mama kashikilia kofia, mimi nikabaki nyuma. Nikakaa ukingoni mwa njia na begi la chakula magotini, watu wananipita, watoto na maputo, muziki, jua limenikalia shingoni. Mlinzi mmoja, kijana tu, akaniona, akaja akainama.

"Vipi mzee, umepotea?"

Sijafika hata hamsini, lakini sikumjali.

"Hapana," nikamwambia. "Nimefika."

Wendell Kangas