Mguu wa Kulia Mbele

Jumamosi, 3 Juni 2006
Darasa la dansi kama kawaida, ukumbi ule wa juu ya duka la vitambaa, mjini. Wanawake tisa, wanaume watatu. Kwa hivyo mimi bado mwanamume. Mzee Pinto, mwalimu wetu, aliniamulia hivyo Februari kwa sababu ya urefu. "Mama, wewe utaongoza." Nimeongoza. Kwikstep sasa naijua: mguu wa kulia mbele, polepole, kisha pembeni, funga, haraka-haraka. Mercy, msichana wa benki anayekaa Kileleshwa, ndiye mwanamke wangu. Nimemzungusha ukumbi mzima bila kugusa kiti.

Jioni nimemwomba Baba Njoki tucheze siku ya jubilei yetu, tarehe 25. Miaka ishirini na mitano ya ndoa. Hakuinua kichwa kwenye gazeti. Kisha akasema atakuja darasani. Nimeshtuka hadi nikaunguza vitunguu.

Jumanne, 6 Juni
Wacha niandike ukweli, si daftari hili ni langu. Tangu binti yetu Njoki aende chuo, nyumba hii ina wapangaji wawili. Anauliza chakula kiko wapi, nasema mezani. Sikumbuki mara ya mwisho alinishika. Si ubaya. Amesahau tu. Nataka anishike dakika tatu, watu wakiona. Ni kitu kikubwa hicho?

Jumamosi, 10 Juni
Amekuja! Viatu amepiga rangi. Mzee Pinto amemfunza hatua za mwanamume nusu saa, na ameshika haraka kuliko nilivyodhani. Kisha tukawekwa pamoja. Yeye akaenda mbele. Mimi pia mbele. Magoti yakagongana. Tena. Tena. Mara ya nane akasema, "Mama Njoki, kwani ni mimi ninapelekwa?" Darasa zima likacheka. Na mimi nikacheka. Sikufurahi hata kidogo.

Jumapili, 11 Juni
Baada ya kanisa tumesukuma makochi ukutani. Kurudi nyuma siwezi. Kichwa kinakubali, miguu inakataa. Miezi minne ya kwenda mbele imeniharibu. Kila kona ninamgeuza mimi, kabla hajaamua. "Achilia," akaniambia. Nimeachilia hatua mbili, basi. Amefungua televisheni, Kombe la Dunia. Makochi nimerudisha peke yangu.

Jumamosi, 17 Juni
Mzee Pinto ameamua kutusaidia. Amemwambia Baba Njoki acheze na Mercy, ati aonje inavyokuwa mtu akifuata. Wamezunguka ukumbi mara tatu. Mercy hasubiri wala hakimbii, yuko tu pale mkono unapomtaka. Nani alimfundisha? Mimi! Baba Njoki alikuwa anacheka meno yote nje. Sijaona hayo meno tangu tuhamie Mountain View. Nilisimama dirishani nimeshika mkoba wa Mercy. Msichana hana kosa. Hata Baba Njoki hana kosa. Ningependa mmoja wao awe na kosa.

Jumatano, 21 Juni
Saa ya lunch nimetoroka ofisi nikacheza na Mzee Pinto mwenyewe. Nimemgongesha ukutani, mzee wa watu. Ameshika kiuno, akasema kwa upole, "Mama, usimsaidie mumeo kuongoza." Nimelia kwa choo cha ofisi.

Jumamosi, 24 Juni
Sijaenda darasa. Njoki amekuja na keki. Baba yake amesema labda tukate keki tu, yatosha. Nimesema tutacheza. Sauti ilipanda. Njoki akanitazama, akaondoka jikoni.

Jumapili, 25 Juni
Misa ya shukrani, halafu ukumbi wa kanisa. Watu wengi, ndugu zake wote kutoka mtaa wa Satellite wamevaa kama harusi ni yao. Muziki ukaanza. Akanishika. Mkono wake ulikuwa na joto, na kwa upande mmoja wa ukumbi nilirudi nyuma. Kweli nilirudi. Kona ya kwanza, kabla hajageuka, nikamgeuza. Tukasimama katikati kama watu waliopotea. Wageni wakapiga vigelegele, wakidhani tumemaliza. Akaniinamia kidogo, akaniachilia.

Wimbo wa pili, dada zake wakaanza kelele: Baba Njoki, ongeza! Mercy alikuwa meza ya wanadarasa. Nilimwalika mwenyewe. Nani mwingine angeweza kumfuata? Akainuka, wakacheza. Dada mkubwa wa Baba Njoki akanipiga bega: "Kumbe ndugu yetu anajua hivi, na mlimficha!" Nikapiga makofi. Nilijikuta ninapiga kwa hesabu, polepole, polepole, haraka-haraka. Nilitaka sakafu inimeze.

Jumamosi, 1 Julai
Amepiga pasi shati lake mwenyewe.

"Mama Njoki, huendi?"

Nimesema kichwa kinauma. Amesimama mlangoni kidogo, funguo mkononi. Nilikuwa nataka aseme basi hata yeye haendi. "Nitamwambia Mzee Pinto," akasema. Gari likatoka.

Nimeosha vyombo. Kisha nikavua slipa, nikasimama mwisho wa korido na mgongo wangu umeelekea chumba cha kulala. Mguu wa kushoto nyuma, polepole. Tena. Nimefika mlangoni bila kugeuka hata mara moja. Kumbe naweza, kama hakuna mtu nimemshika.