Paka Wetu wa Kipilipili

Baba,

Paka jike wa ghalani amezaa. Vitoto vinne, na viwili vina manyoya ya kipilipili, yaliyojikunja mpaka sharubu, kama ya yule dume uliyemuuzia mwenye hoteli wa Mikumi. Huyo dume ndiye baba yao. Ulisema itakuwa hivi, na umezikwa bila mtu kukuamini.

Yule mwenye hoteli, tajiri wa juzi! Ruksa ya biashara binafsi ilipoanza tu, akaja hapa Chanzuru na gari jipya, kavaa miwani ya jua mpaka ndani ya nyumba. Alitaka dume peke yake, azalishe paka wa kuwauzia watalii. Ukamsihi amchukue na mama yake, huyuhuyu jike wa ghalani. Ukamweleza kwa sauti yako ya darasani: kila paka ana chembe mbili za urithi, moja ya baba, moja ya mama. Chembe ya kipilipili iligeuka yenyewe zamani, ikapita kimya ndani ya paka wa kawaida, na haionekani mpaka zikutane mbili. Akacheka. "Mwalimu, mimi nanunua manyoya, sinunui ukoo."

Hoteli ikajaa vitoto vya kawaida. Akaja gulioni Kilosa na dume ndani ya gunia, akatangaza kwamba ulimpaka kalikiti, dawa ya saluni ya kukunja nywele. Akamtupa miguuni pako. Watu uliowafundisha kusoma wakakuita Mwalimu Kalikiti. Vichwa vitupu wale! Nawadharau mpaka leo.

Jana yule tajiri karudi, shikamoo tele kwa mama, anataka vitoto vyote. Nikamwambia aende kwanza gulioni akatangaze ukweli. Akaondoka amenuna. Vitoto nitavigawa kwa majirani wenye panya.

Lakini Baba, yupo ninayemdharau kuliko yeye. Siku ile tuliporudi kutoka gulioni, nilimchukua dume uani, nikamsugua kwa sabuni ya mche, nikamshika juani mpaka akauke, nione kama manyoya yatanyooka. Hayakunyooka. Nilipoinua macho, ulikuwa dirishani. Ulifunga dirisha taratibu, na mpaka unafariki hukuniuliza.

Mimi, mwanao. Nisamehe, Baba.

Siku ya gulio nitasimama palepale walipokucheka. Nitawaeleza habari ya chembe mbili, kisha nitawaeleza habari ya sabuni. Pumzika, mwalimu wangu.

Mwanao,
Zuhura