Hema la Mtu Mwembamba

Jumamosi, 8 Juni
Shemeji, kaka wa mke wangu, amepima shanta langu buchani kwake, kwenye ndoana ileile ya mapaja ya ng'ombe. Mbele ya wateja! Zito mno, akasema, swala wa mlimani hamngoji mtu. Akaliangalia tumbo langu. "Au tupunguze huku, shem?" Watu hawana mbavu. Nami nikacheka, huku naungua. Nimeapa palepale: tukienda kuwinda mwisho wa mwezi, nitakuwa nimepungua.

Yeye atabeba bunduki, maji na chakula. Mimi hema lake.

Jumanne, 11 Juni
Nimekimbia hadi kona ya shule. Nimerudi kwa bodaboda. Mke wangu akauliza mbona sina jasho. Upepo, nikasema. Mtu mzima hovyo!

Jumatatu, 17 Juni
Tumbo liko palepale. Basi nimekata mpini wa mswaki, nimetoa soksi za akiba, nimefumua hata lebo za nguo. Mke wangu kaniona. "Baba watoto, mswaki unapungua, sahani inaongezeka." Nikamaliza sahani.

Alhamisi, 20 Juni
Nimelitandaza hema kwenye meza yangu ya kukatia nguo. Kitambaa chote hiki cha nini? Nikachora kwa chaki: shemeji alale hapa, mimi hapa. Vipimo vyake ninavyo kichwani, suti yake ya harusi niliishona mimi. Vyangu... nikamchora yule nitakayekuwa mwisho wa mwezi.

Mkasi ukapita. Ubavuni, na pindo la turubai la juu pia. Mshono nimeurudia mara mbili, mwenyewe hatagundua. Na mimi ndiye ninayewacheka wateja wanaosema, "Nibane tu fundi, nitapungua!"

Ijumaa, 28 Juni
Shemeji kalinyanyua shanta kwa mkono mmoja. Umejitahidi, akasema. Akawatangazia buchani kwamba na mwili umepungua. Nilivuta tumbo ndani hadi tukatoka. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumamosi, 29 Juni
Mlimani. Nimehema tangu bonde la kwanza. Mchana shemeji akalichukua shanta langu, akalibeba kifuani, lake mgongoni. Ningemwambia palepale! Nikamfuata nyuma, mikono mitupu.

Jumapili, 30 Juni
Mvua tangu alfajiri, hakuna kuwinda wala kushuka, njia imekuwa mto. Tumo hemani. Yaani mimi nimo. Shemeji nusu yake iko nje, turubai halifiki chini, maji yanampitia ubavuni. Nikisogea kidogo tu, namsukuma nje zaidi. Nimemwambia tubadilishane. Amekataa, eti dada yake atamlaumu nikiugua!

Meno yanamgongana. Midomo imepauka. Anamlaani muuzaji wa hema: kampunja, tukishuka tu anamfuata dukani, watashikana mashati. Kaniuliza, wewe fundi, huoni kitambaa hiki ni kidogo?

Nikasema naona. Nikasema wauzaji wa siku hizi ni wezi.

Sasa ameacha kulaani, na hilo linanitisha zaidi. Anapapasa ule mshono wangu kwa vidole vilivyokufa ganzi. Anauliza kama upande wangu kimebaki kitambaa cha kuvuta, hata kidogo tu, shem...