Chakula cha Binti Yako

Nyumbani kwa mama,
Jumapili mchana.

Mpendwa kaka,

Pokea salamu zangu za moyoni. Hujambo? Kile kifua kimekuachia, au bado unakohoa na kujidai mzima? Sisi huku hatujambo, na safari hii ninaposema sisi, namhesabu na binti yako. Vuta kiti ukae, maana kwenye simu mtandao ulikatakata ukabaki na wasiwasi mtupu.

Kwamba alizaliwa kabla ya wakati unajua. Tumbo lake lilikuwa halijawa tayari kwa maziwa, basi daktari akaagiza alishwe kwa mshipa. Chakula hicho tunakitengeneza sisi, kwenye famasi ya hospitali, kwa ile mashine niliyokusimulia. Juu zinaning'inia chupa za maji ya sukari, protini, mafuta na chumvichumvi, kila moja na mrija wake. Unaiandikia vipimo vya mtoto, nayo inavuta kidogo huku, kidogo kule, mpaka mfuko mmoja ukamilike. Chini kuna mizani inayokagua kila kinachoingia.

Siku ya mfuko wake wa kwanza nilivaa koti langu niingie kazini. Mwenzangu, yule tunayemwita Bwana Pole, akanizuia mlangoni.

"Leo wewe ni shangazi," akasema. "Mfamasia ni mimi. Kaa nje, utazame kupitia kioo."

Nilinuna, kaka. Kumbe koti nilikuwa nimelivaa ndani nje, na yeye ameliona kabla yangu.

Mashine ikavuta vizuri, ilipofika kwenye mafuta ikalia na kusimama. Uzito ulikataa kulingana na vipimo: hewa ilikuwa imeingia mrijani. Mfuko umekaribia kujaa, na wodini muuguzi ameshapiga simu kuuliza. Roho yangu ikawa juu juu. Bwana Pole akauchomoa, akaumwaga wote maana vipimo vyake havikuaminika tena, akabadilisha mrija na kuanza upya, wala hakunitazama. Wakati ule nilimchukia. Leo ningembeba mgongoni.

Wifi hatukumwambia. Alikuwa kando ya kile kisanduku cha joto alimolazwa binti yako, mkono kaupitisha kwenye tundu, akimsimulia mtoto habari zako, eti baba yake hukoroma kama jenereta. Mama naye huja kila alasiri, anachungulia, anatangaza kwamba pua ni ya kwao. Tumemwachia pua yake.

Tukaenda hivyo, mfuko baada ya mfuko, vipimo vikipunguzwa kadiri alivyozoea maziwa ya kudondoshewa. Jana asubuhi tulikuwa tumeshatundika chupa, simu ya wodi ikalia. Bwana Pole akasikiliza, kisha akaninyooshea.

"Yako hii, shangazi."

Alikuwa muuguzi. "Mfuko wa mtoto wenu leo msichanganye," akasema. "Ananyonya mwenyewe."

Nilikaa chini palepale sakafuni. Bwana Pole akafuta vipimo vya binti yako kwenye mashine, akaandika vya mtoto mwingine, akaniacha nilie nimalize.

Mama anakusalimu sana, anasema ule vizuri. Bwana Pole naye anakupa pole na hongera kwa mkupuo mmoja. Mola akulinde kazini na akurudishe kwetu salama.

Jina bado. Wifi amekataa katakata mtu yeyote alitamke kabla yako. Ukimaliza kusoma, mpigie.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
sasa shangazi mtu.