Ini la Baba Halioti Muthangari

Muthangari, Nairobi, Jumanne

Kwako Dada Rhoda,

Naomba barua hii ikukute una nguvu za kukasirika, maana utazihitaji. Mimi mzima. Miguu ya Baba bado imevimba? Na macho, umanjano umezidi? Nimempa barua jirani anayesafiri kesho, kwa sababu Baba akisikia nikitaja hospitali anakata simu, na simu ya boma ni yake.

Uliniandikia kwamba ameacha matibabu, ati kijana wake anakuza ini Nairobi, na Jumamosi atakuja huku kudungwa ini hilo kwa daktari wa Kinoo. Dada, kosa ni langu. Krismasi, baada ya kuku wa pili, nilisema "tunakuza ini". Wataalamu ndio wanaokuza. Mimi naosha chupa na visahani vya maabara. Na si ini, ni seli tu, za panya, utando chini ya kisahani. Zinalishwa maji mekundu kila siku, hata Jumapili. Zikifundishwa vizuri zinaanza kazi ya ini, halafu baada ya siku chache zinasahau. Bosi wa maabara, mama mmoja, husema, "Zinajua cheo, hazijui kazi." Nilidhani anaongea juu ya serikali.

Zile zisizofundishika, walimdunga panya mzima. Akaota uvimbe. Walipoupasua, ndani mlikuwa na nywele. Sikula mchana siku hiyo.

Jana nilikwenda Kinoo. Chumba kiko nyuma ya duka la mbolea. Kwenye rafu, chupa za maji mekundu zenye lebo za mwandiko wangu! Zile tupu nilikuwa nampa jamaa mmoja, aliyesema ni za kuuzia maziwa. Huku chupa nzuri haitupwi. Sijui wametia nini ndani.

"Hizi ni chupa zetu," nikamwambia huyo daktari.

"Ndiyo maana watu wanaamini, boss."

"Futa jina la baba yangu."

Akacheka. "Mzee wako ameniletea watu wa kanisa lenu. Anawaambia kijana wake ndiye mkulima. Nikimfuta yeye, hao wengine nitawaambia nini?"

Nilipita kituo cha polisi. Askari akasikiliza vizuri, kisha akaniuliza foleni ya Kinoo inaanza saa ngapi. Ana mjomba mgonjwa.

Unamjua Baba: neno alilolisema mbele ya kanisa hawezi kulirudisha, afadhali afe. Kwa hivyo usimwambie amekosea. Alhamisi kwenye maombi, simama kabla yake, usome barua hii kwa sauti. Sema mimi ni mwongo. Aibu ikiwa yangu, yeye atakuwa na haki ya kunilaani mbele ya watu, na kurudi hospitali kichwa juu.

Msalimu Mama, shemeji fundi baiskeli, na shangazi wa kwaya, ambaye jina lake pia nimeliona kwenye daftari la Kinoo.

Jumamosi nitasimama pale mlangoni kabla hawajafungua. Dada, nisimwone Baba akija.

Mdogo wako,
Elphas